Mwaka wa Saba

Msichana wa dirishani alizisoma karatasi za Abigaël mara ya pili, akazipanga vizuri, kisha akazisukuma chini ya kioo zirudi zilikotoka.

"CESS haipo hapa," alisema kwa Kifaransa. "Bila CESS siwezi kumwandikisha."

Polycarpe alitabasamu. Alikuwa amevaa suti yake ya kijivu na tai aliyoifunga asubuhi mbele ya kioo kwa uangalifu wa bwana harusi. Alidhani msichana huyu ni mgeni kazini. "Mademoiselle, binti yangu amemaliza mwaka wa sita. Cheti ndicho hicho, kina muhuri wa shule."

"Muhuri nauona, bwana. Lakini huu ni mwaka wa sita wa professionnel, njia ya kazi. Cheti hiki kinamruhusu kufanya kazi ya kusaidia familia na wazee majumbani. Diploma ya kumaliza sekondari, ile tunayoiita CESS, hana bado. Waliosoma professionnel huipata baada ya mwaka wa saba. Na bila diploma hiyo, shule ya uuguzi haiwezi kumpokea."

"Mwaka wa saba?" Polycarpe aliuliza. "Sekondari ina miaka sita."

Msichana alivuta pumzi, akaanza kusema polepole, neno moja moja, kama anayemlisha mgonjwa. Alipofika mwisho akauliza kama ameelewa, "Vous comprenez, monsieur?" Kisha, bila kungoja jibu, akamgeukia Abigaël. "Unaweza kumweleza baba yako kwa lugha yenu?"

Nyuma yao foleni ilikuwa imefika mlangoni. Mwanamke mmoja aliyekuja na mwanawe alitazama saa yake, akaangalia dari. Polycarpe alihisi shingo inawaka moto ndani ya kola. Kifaransa alikuwa amekifundisha. Mbele ya madarasa yaliyojaa alisahihisha makosa kama yale aliyoyafanya msichana huyu sasa hivi akimweleza kama mtu asiyejua lugha. Alifungua mdomo amwambie hayo.

"Papa," Abigaël alimvuta mkono wa koti. "Tuende."

Ilikuwa wiki ya kwanza ya Septemba, mwaka 2012. Walitoka shule ya uuguzi ya Laeken, mtaa wa Brussels, wakapanda basi, wakakaa viti viwili vinavyotazamana. Abigaël alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu kama mama yake, na bahasha ya karatasi ilikuwa imelala mapajani mwake kama kitu kisicho chake.

"Ulikuwa unajua?" baba aliuliza hatimaye.

"Nilikuwa najua kama kuko septième, ule mwaka wa saba. Kwenye shule banasemaka."

"Na haukuniambia."

"Nilikuambia, papa. Mwezi wa tano, kwenye meza. Ulisema septième ni ya batoto benye banashindwa."

Polycarpe alitazama nje. Hakukumbuka kusema hivyo. Lakini sauti aliitambua, ilikuwa yake.

---

Kule Bukavu, kabla ya vita kuwatoa, Polycarpe alikuwa préfet, yaani mkuu wa shule ya sekondari. Kila mwaka alisimamia Examen d'État, ule mtihani wa taifa unaofunga masomo ya sekondari, na wazazi walimfuata mpaka nyumbani kumwuliza mtoto asome nini. Biochimie, math-physique, pédagogie, commerciale: alijua kila njia inaanzia wapi na inamfikisha mtu wapi. Hapa Brussels alisafisha maofisi ya Auderghem asubuhi kabla wenye viti hawajafika, lakini kanisani kwao Evere bado walimwita hivyo hivyo: Préfet. Ibada ikiisha, wazazi walimzunguka na matokeo ya watoto wao, naye akawashauri huku ameshika Biblia kwapani.

Ndiyo maana jioni ile, mkewe Marie-Claire alipotoka kazini na kukuta suti imetupwa kitandani, alijua kabla ya kuambiwa kwamba kuna jambo.

Alisikiliza habari yote akiwa amesimama jikoni, koti bado mwilini. Alisafisha vyumba katika nyumba ya wazee, na mikono yake ilikuwa imekauka kwa dawa za sabuni. Alipomaliza kusikiliza alisema neno moja.

"Ile B."

"Usianze," Polycarpe alisema.

"Sianze kitu. Nasema tu, ni ile B."

Miaka miwili nyuma, Abigaël alipomaliza mwaka wa nne, hesabu zilimwangusha, na shule ikampa attestation B. Maana yake ilikuwa hivi: mtoto hajafeli, anaweza kupanda darasa, ila si katika masomo ya jumla, aende kwenye njia za ufundi au za kazi. Au, kama wazazi wanapenda, arudie mwaka wa nne palepale, na akifaulu kizuizi kinafutika. Mwalimu aliyewapokea alikuwa na wazazi wengine wanaongoja kwenye korido, na maelezo yake yalikwisha kabla kiti hakijapata joto. Marie-Claire alisema, kwa Kiswahili, kwa sauti ndogo: mutoto arudie. Polycarpe alisema mtoto wa préfet harudii darasa. Akaipitisha macho orodha ya njia zilizobaki, akaona moja ya kuhudumia watu, na moyo wake ukatulia. Bukavu, msichana aliyesoma uuguzi sekondari alimaliza na diploma ya taifa sawa na wengine, na chuo kikuu kilimpokea. Akasema: hii ndiyo option yetu. Akasaini.

"Nilikuambia arudie," Marie-Claire alisema.

"Kila muntu angefanya vile nilifanya."

"Hapana. Mi sikufanya vile. Lakini mi sikusoma, donc banisikie ju ya nini?"

Abigaël alikuwa chumbani kwake, mlango wazi. Aliwasikia wote wawili. Alinyoosha mguu, akausukuma mlango ukajifunga taratibu.

---

Mkurugenzi wa shule ya Abigaël aliwapokea kesho yake. Alikuwa mama mwenye nywele nyeupe fupi, na alimpa Polycarpe mkono kwa heshima, akamwita monsieur bila kuvuta maneno. Hilo lilimtuliza kidogo.

"Nafasi katika mwaka wa saba ipo," alisema. "Mwisho wa mwezi tunafunga kuandikisha. Ni mwaka mmoja tu. Juni anapata CESS yake na anakwenda kusoma uuguzi. Nimewaona wengi wakifanya hivyo, na Abigaël ni mmoja wa wanafunzi wetu bora."

"Na udaktari?" Polycarpe aliuliza.

Mkurugenzi alimtazama msichana, kisha baba. "Kwa sheria, CESS ni CESS, inafungua milango yote. Lakini nisikudanganye. Tangu mwaka wa nne hajagusa fizikia. Huku tumemfundisha kumnyanyua mgonjwa bila kumuumiza, kumwogesha, kupika chakula cha mwenye kisukari. Hayo anayajua vizuri sana."

Angesema jambo jingine lolote, pengine mambo yangekwenda vingine. Lakini Polycarpe alisikia kuogesha wagonjwa, akaona mkewe na ndoo yake, akajiona yeye mwenyewe asubuhi akimwaga takataka za vijana wenye tai.

"Kuna jury," alisema. "Mtihani wa serikali. Mtu anajiandikisha mwenyewe, bila shule."

"Upo," mkurugenzi alikubali. "Wa masomo ya jumla yote. Ni mgumu, bwana. Wengi wanaojiandaa peke yao nyumbani..."

"Hatakuwa peke yake. Mimi ni mwalimu."

Abigaël alisema kwa Kifaransa, akimtazama mkurugenzi, si baba yake: "Mimi nataka mwaka wa saba."

Polycarpe aliinuka, akafunga kifungo cha koti. "Tutafikiri nyumbani, madame," alisema. Korido nzima mpaka langoni alitembea mbele, na binti akamfuata nyuma.

Usimdhanie mtu huyu ukatili. Alimpenda mtoto wake kupita kiasi. Neno jury lilikuwa limempa pumzi aliyoikosa tangu lile dirisha la Laeken. Mtihani mmoja kwa watu wote, karatasi zilezile, saa ileile, msahihishaji asiyejua wewe ni nani: hicho alikielewa. Ilikuwa kama amepotea mji mzima, ghafla akasikia mtu anamwita kwa lugha ya kwao. Alirudi nyumbani akiwa na nguvu mpya, na mwisho wa mwezi ukapita wakiwa bado "wanafikiri." Abigaël hakubishana tena. Marie-Claire alibishana siku mbili, halafu naye akaacha, kwa sababu mumewe alikuwa ameanza kula vizuri.

---

Siku ya kuchagua masomo, walikaa watatu kwenye meza ya jikoni, na kompyuta ya Abigaël katikati.

Mtihani wa jury ulikuwa na masomo ya lazima: Kifaransa, historia, jiografia, lugha ya pili, hesabu, sayansi. Lakini ndani yake mtu alichagua. Hesabu za msingi au hesabu nyingi. Sayansi za msingi au sayansi kamili, yaani biolojia, kemia na fizikia kila moja na uzito wake. Kisha option: Kilatini, uchumi, sayansi ya jamii.

"Hesabu za msingi," Abigaël alisema. "Sayansi za msingi. Sciences sociales. Vile naweza kupita."

"Na kwa hizo utaingia wapi?"

"Kwenye uuguzi. Infirmière."

"Na médecine?"

"Papa, nani alisema médecine?"

Polycarpe alimtazama kama mtu aliyesahau jina lake mwenyewe. "We njo ulisema. Ulikuwa na miaka sita. Kwenye kambi ya wakimbizi, pale daktari alikuya na ile valise ya dawa."

"Nilikuwa na miaka sita," Abigaël alisema.

"Sikiliza, maman." Alimwita hivyo, maman, kama baba wa Kikongo anavyomwita binti yake akitaka kumbembeleza. "Kama muntu anapanda mulima, apande ule mukubwa. Ukichukua options za chini, ata ukifaulu, batasema: njo vile, Mwafrika, kidogo kidogo. Ukichukua hesabu nyingi na sayansi, hakuna muntu atakufungia dirisha kwa uso. Nitakufundisha mimi. Nilifundisha batoto benye hawakuwa na ata cahier ya kuandikia."

"Polycarpe," Marie-Claire alisema, "mutoto anasema kile anaweza."

"Mutoto hajue kile anaweza. Njo kazi ya muzazi."

Abigaël aliuweka mkono juu ya kompyuta, akangoja. Alingoja muda wa kutosha kwa mtu yeyote mzima kubadili mawazo. Kisha akabofya pale baba alipoonyesha, mara moja, mbili, tatu, bila kusoma tena.

---

Polycarpe alirudi kutoka Auderghem kila siku karibu saa nne asubuhi, akaoga, akavaa shati safi. Hakuweza kufundisha bila shati safi. Abigaël alikuwa tayari mezani. Mwanzoni ilikuwa raha. Alimfundisha historia kama mtu anayesimulia habari za ukoo, na insha zake za Kifaransa alizikata na kuzishona upya mpaka zikasimama. Marie-Claire, akiwa zamu ya jioni, aliwasikia kabla ya kutoka wakicheka juu ya jina la mfalme fulani, akajiambia labda alikosea.

Hesabu ndizo zilizoharibu kila kitu.

Abigaël hakuwa na mwaka wa tano wala wa sita wa hesabu. Alikuwa na mashimo, na chini ya kila shimo palikuwa na shimo lingine. Baba alirudi nyuma kuziba moja, siku ikaisha, na mtihani ukasogea. Akaanza kukasirika. Akagonga meza kwa kalamu.

"Hii niliieleza jana."

"Najua, papa."

"Kama unajua, andika."

Jambo baya zaidi lilikuwa jingine, na ilichukua majuma mengi kabla ya yeyote kulitamka. Programu ya hapa haikuwa ile ya Bukavu. Kulikuwa na sura nzima za takwimu na uwezekano ambazo Polycarpe hakuwahi kuzifundisha. Kulikuwa na kikokotoo cha kuchora grafu, chenye vitufe vyenye majina matatu matatu, alichokishika kama mtu aliyepewa mtoto mchanga wa jirani. Siku moja alianza swali akiwa na uhakika, akaandika mistari mitano, akasimama. Akafuta. Akaandika tena. Abigaël alikaa pembeni yake akitazama kalamu isiyosonga.

"Hii wameiandika vibaya," Polycarpe alisema.

Abigaël alijua kwamba hawakuiandika vibaya. Alijua pia kwamba baba yake anajua. Akainuka, akaenda kuchemsha chai, ili asiwepo hapo akimtazama. Aliporudi na vikombe viwili, Polycarpe alikuwa ameshafungua ukurasa mwingine.

Kanisani watu waliuliza. "Docteur wetu anaendelea aje?" Maman Alphonsine wa kwaya aliuliza kwa sauti kubwa, mbele ya watu, akimshika Abigaël mashavu. Polycarpe alijibu kwa niaba yake: "Anajitayarisha. Jury central. Hesabu nyingi." Watu wakatikisa vichwa kwa heshima, na hakuna aliyejua ni kitu gani.

---

Mitihani ilifanyika majira ya baridi, katika jumba kubwa lenye mwangwi. Siku ya Kifaransa Abigaël alitoka wa mwisho mwisho, akasema ilikwenda. Siku ya hesabu Polycarpe aliomba ruhusa kazini ili amsindikize. Alimbebea kikokotoo, na mlangoni alimwekea mkono kichwani, akamwombea kwa sauti ya chini huku watahiniwa wengine wakiwapita na vikombe vyao vya kahawa.

Kisha akakaa kwenye benchi la ukumbini. Kulikuwa na wazazi wengine wachache. Mmoja, Mbelgiji mwenye ndevu, alimwambia kwamba mwanawe aliacha shule kwa sababu ya maradhi. Polycarpe alimwambia kwamba binti yake anataka kuwa daktari. Alikuwa bado anasema hayo mlango ulipofunguka na Abigaël akatoka.

Hakuna mwingine aliyekuwa ametoka. Mbelgiji mwenye ndevu aligeuza uso, akaanza kutafuta kitu mfukoni.

"Umesahau kitu?" Polycarpe alisimama. "Unahitaji nini? Rudi, wakati ungali upo."

"Nimemaliza."

"Haiwezekani umemaliza."

"Nimeandika jina," Abigaël alisema. "Niliangalia la kwanza, la pili, nikageuza yote mpaka nyuma. Papa, hakukuwa ata moja yenye naweza kujibu."

"Ata moja?"

"Moja nililijua. Ni ile yenye ulisema bameandika vibaya. Niliitambua. Lakini kuijua na kuijibu si kitu kimoja."

Walitoka nje. Baridi ilikuwa kali, na theluji ya siku iliyopita ilikuwa imegeuka tope kando ya barabara. Polycarpe alitaka kusema kuna kipindi kingine cha mitihani, masomo aliyofaulu yatahesabiwa, wanaweza kubadili option, wanaweza kuchukua zile za msingi. Alisema yote hayo, moja baada ya jingine, huku akitembea kasi, na alipogeuka aliona binti yake amesimama mbali nyuma, kwenye kituo cha basi.

Akamrudia.

"Kiti kilikuwa kiko," Abigaël alisema. Hakuwa analia. "Madame alisema: mpaka mwisho wa mwezi. Marafiki bangu beko ndani. Mwezi wa sita batapata CESS. Benye ulisema banashindwa, bao njo batakuwa ma-infirmières."

"Nilitaka..."

"Najua kile ulitaka, papa. Kila muntu anajua kile ulitaka."

Basi lilikuja. Abigaël akapanda, akaenda kukaa nyuma kabisa, kiti cha mtu mmoja.

---

Hakurudi kwenye mitihani iliyobaki. Majuma mawili baadaye alipata kazi kwa kile cheti chake: kuzunguka majumbani mwa wazee wa Laeken, kuwapikia, kuwanunulia dawa, kuwaogesha. Alifanya vizuri. Bibi mmoja aliyekuwa mwalimu zamani alimwambia mwajiri kwamba asimletee mwingine yeyote. Marie-Claire alisikia hilo akafurahi, halafu akaona haya kwa kufurahi.

Usiku wa Jumapili moja mama aliingia chumbani kwake. "Septemba inakuya tena," alisema. "Nitaongea na madame directrice. Kiti kitakuwa kiko."

"Kiti kiko, maman," Abigaël alijibu. "Mi njo siko."

"Usiseme vile."

"Nimechoka kuwa darasa la papa. Nikirudi, atavaa shati. Ataketi na mi. Siwezi tena."

Marie-Claire hakumwambia mumewe maneno hayo. Hakuwa na haja. Ukuta wa nyumba ile ulikuwa mwembamba, na Polycarpe alikuwa macho.

Tangu hapo baba na binti walizungumza kwa adabu kubwa. Habari ya kazi. Njema, papa. Chakula kiko. Merci. Kanisani Polycarpe alianza kuondoka kabla ya wimbo wa mwisho. Kwanza watu walimngoja mlangoni. Baadaye wakasema préfet amekuwa mtu wa haraka.

---

Mwisho wa Juni, Tharcisse alikuja nyumbani bila kupiga simu. Alikuwa mwenzao wa kanisani, dereva wa malori, mtu wa Uvira, mwenye kicheko kikubwa. Alimleta mwanawe Bienaimé, kijana wa miaka kumi na sita aliyekaa ukingoni mwa kochi akitazama viatu. Tharcisse alitoa karatasi, akaiweka mezani kwa mikono miwili.

"Préfet, bametupatia B. Kesho banataka jibu. Mi nasema mutoto aende mbele, achukue mécanique, anapenda magari. Lakini mama yake anasema: usisaini kabla Préfet hajaona."

Polycarpe hakuigusa karatasi. Aliisoma ilipokuwa. Ilikuwa hesabu, tena.

"Unataka kufanya nini kisha masomo?" alimwuliza kijana.

"Ingénieur," Bienaimé alisema kwa sauti ya chini. "Kama inawezekana."

"Arudie mwaka," Polycarpe alisema.

Tharcisse alicheka kidogo, akangoja mzaha uishe. "Arudie?"

"Arudie mwaka wa nne, B itaondoka. Usisaini ile ingine, Tharcisse. Mécanique ni kazi nzuri, sikatae. Lakini ile njia haiende kule mutoto anataka. Banaeleza mbio mbio, na sisi tunasikia kwa masikio ya kwetu. Rudi kwa shule, uulize mpaka uelewe. Usiniulize mimi. Mi sijui."

Hakuwahi kusema neno hilo mbele ya mzazi. Lilimtoka kwa taabu, na baada ya kulitoa alihisi mwili umekuwa mwepesi kidogo. Lakini Tharcisse alikuwa ameacha kutabasamu.

"Miaka yote kanisani ulitwambia: mutoto wa muntu mwenye akili harudie. Wangu mimi njo arudie?"

"Nilikosea."

"Ulikosea kwako." Tharcisse alichukua karatasi yake, akaikunja. "Bon. Nimeelewa. Wako ameanguka, sasa unataka ba bengine nao babaki nyuma. Sikutegemea, Préfet. Kwa kweli sikutegemea."

"Tharcisse, kaa. Tafadhali."

"Bienaimé, inuka."

Kijana aliinuka. Mlangoni aligeuka akamtazama Polycarpe, kama anayetaka kuuliza jambo, lakini baba yake alikuwa ameshafika kwenye ngazi anamwita.

Abigaël alirudi kutoka kazini muda si mrefu baadaye. Alimkuta baba yake amekaa kwenye kochi, mahali palepale, na glasi mbili za Fanta mezani hazijaguswa.

"Nimekutana na papa Tharcisse kwenye arrêt ya basi," alisema akivua viatu. "Nilimsalimia, hakujibu. Kuko nini?"

"Bienaimé amepata B."

Abigaël aliacha kiatu kimoja mkononi. "Ulibaambia nini?"

"Arudie."

Alisimama hivyo, na kiatu, akimtazama baba yake kwa muda. Ilikuwa mara ya kwanza tangu majira ya baridi kumtazama usoni.

"Banakubali?"

"Hapana. Kesho anasaini."

Abigaël aliweka kiatu chini, sambamba na kile kingine. "Kumbe lile neno la kurudia unalijua," alisema.

Kisha akaenda bafuni kunawa mikono, na Polycarpe akayasikia maji yakitiririka, yakitiririka, mpaka Marie-Claire alipoita kutoka jikoni kwamba chakula kinapoa.